Mafundi wanajibu: ralanti isiyotulia

Swali (msomaji, Himbi, Goma): Ndugu mafundi, salamu. Nina Honda Transalp 650 ya kabureta mbili, naitumia kwa safari za Bukavu kupitia Sake na Minova. Injini ikishapata joto ralanti (mzunguko wa injini bila kuvuta gesi) inanisumbua: nikiachia gesi, mizunguko inabaki karibu 2,500 kwa dakika, halafu inashuka ghafla na pengine inazima. Fundi amebadilisha buji (plagi za cheche) na kuzungusha skrubu ya ralanti mara nyingi. Inatulia siku mbili tatu, kisha mambo ni yale yale.

Jibu: Ndugu yetu, hiyo skrubu iachwe kwanza. Kazi yake ni kushikilia kipepeo cha kabureta (kibamba kinachopitisha hewa) kikiwa wazi kidogo tu, haiponyi ugonjwa wowote. Kila ikizungushwa kabla chanzo hakijapatikana, inaficha dalili ambayo ingekuonyesha njia.

Dalili yako inasema injini inapata hewa nyingi kuliko esansi (petroli). Ingekuwa esansi ndiyo imezidi, mizunguko ingezama chini ya kawaida ukiachia gesi, ingepanda tena polepole, na ekzosi ingetoa moshi mweusi wenye harufu ya esansi.

Anza na kebo ya gesi. Injini ikinguruma, pinda usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mizunguko ikipanda, kebo inavutwa au imepita vibaya. Mkono wa gesi uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta.

Kebo ikiwa safi, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Mara nyingi inapitia kwenye mipira inayounganisha kabureta na injini: joto huikausha na kuipasua, na nyufa hujificha upande wa chini usioonekana bila kioo. Hukumu isitolewe kwa macho. Weka maji yenye sabuni kidogo kwenye chupa ya kupulizia, injini ikiwa kwenye ralanti, kisha pulizia kidogo kidogo kuzunguka kila mpira, kila klipu, na vifuniko vidogo vya matundu ya kupimia mvuto (jinsi injini inavyofyonza hewa). Maji yakiziba ufa kwa sekunde chache, mngurumo unabadilika hapo hapo. Usipulizie esansi wala dawa ya kusafishia kabureta, maana bomba la ekzosi liko karibu na lina joto la kutosha kuwasha moto. Mpira uliopasuka hubadilishwa. Silikoni ya kawaida italainishwa na esansi na ufa utarudi, tena ukiwa njiani.

Kama hakuna hewa ya wizi, shuku jeti ndogo, ile inayolisha injini kwenye ralanti. Tundu lake ni jembamba sana, chembe moja inatosha. Fungua skrubu ya chini ya kila bakuli la kabureta, kinga esansi kwenye glasi safi, uiache itulie. Maji yatakaa chini kama shanga, uchafu utaonekana. Kwetu hapa esansi nyingi inauzwa kando ya barabara kwenye vidumu na chupa, kwa hiyo mimina kupitia kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na usimimine tone la mwisho la kidumu. Jeti isafishwe kwa dawa na hewa ya kompresa. Fundi akishika waya wa chuma, mzuie: shaba ni laini, tundu litapanuka na hutapata tena ralanti ya kweli. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unafaa. Angalia pia filta ya hewa imekaa sawasawa kwenye kiti chake, kwa sababu vumbi la mawe ya volkano linasaga injini na kuziba vijitundu vya hewa vya kabureta.

Na je, buji zilizobadilishwa ni zote nne? Pikipiki yako ina mbili kwa kila silinda, na wengi hubadilisha zile tu zinazofikika kirahisi. Kujua kama silinda zote zinafanya kazi, washa injini ikiwa baridi, na baada ya nusu dakika dondoshea maji kwenye kila bomba la ekzosi karibu na injini. Bomba lisilochemsha maji ni la silinda isiyowaka.

Yote yakiwa sawa, pima uwazi wa valvu injini ikiwa baridi kabisa. Valvu iliyobana husumbua zaidi injini ikishapata joto. Kisha linganisha kabureta mbili kwa vipimo vya mvuto. Hapo ndipo skrubu ya ralanti inapata zamu yake: injini yenye joto, karibu mizunguko 1,200.

Swali (msomaji, Kadutu, Bukavu): Yamaha yangu ya kabureta inatulia Bukavu, lakini nikishuka Uvira inapiga piga kwenye ekzosi nikiachia gesi. Kabureta imekufa?

Jibu: Hapana. Ziwa Kivu, la Bukavu na Goma, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari; Tanganyika, la Uvira, karibu 770. Kule chini hewa ni nzito, na kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nyepesi ya Bukavu inapeleka esansi pungufu. Ongeza esansi kwa skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, ukiweka alama ili uirudishe ukipanda. Safari ya Goma haihitaji hivyo, kimo ni kile kile.

Swali (msomaji, Katindo, Goma): Pikipiki yangu ni ya injeksheni (haina kabureta, kompyuta ndiyo inapima esansi), na ralanti imeanza kupanda na kushuka. Nianzie wapi?

Jibu: Betri. Ikipumzika iwe na volti 12.6 hivi, injini ikizunguka kwa kasi iwe kati ya 13.5 na 14.5. Kisha safisha masizi kuzunguka kipepeo cha hewa kwa kitambaa chenye dawa. Skrubu iliyotiwa rangi na kiwanda usiiguse. Imewekwa pamoja na sensa ya kipepeo, na ukiisogeza, kompyuta itadhani umevuta gesi.