Mwanamke anayeogopa kupimwa matiti asikemewe, asindikizwe

Wanawake wengi ninaowafahamu hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, hawaahirishi kupimwa matiti kwa uzembe. Wanaogopa jibu, kwa sababu nyuma yake wanaona tayari gharama, titi lililokatwa, mume aliyebadilika na majirani wanaosema amerogwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo “nenda upesi, utakufa” ni kumwongezea hofu ileile inayomzuia kutoka nyumbani.

Nilipogusa uvimbe kwenye titi langu, aliyenisaidia ni shangazi yangu, ambaye hakunihubiria hata kidogo, bali aliniuliza, “Mwanangu, unaogopa nini hasa?” kisha akanyamaza mpaka nikamaliza. Nilimjibu kwamba naogopa kuvua nguo mbele ya daktari mwanaume, na kupokea habari mbaya nikiwa peke yangu. Basi akaenda kuuliza kama kuna muuguzi wa kike, akaahidi kuingia nami chumbani, na tukakubaliana kwamba hakuna mtu wa ukoo atakayeambiwa kabla sijasema mwenyewe. Nilipimwa kwa ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, halafu kwa sindano ya kuchukua chembe za uvimbe, na haikuwa saratani.

Unayemsindikiza mwenzako, mweleze ukweli. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, hasa kwa vijana, lakini usimwahidi kwamba hana kitu, kwani ikiwa kinyume hatakuamini tena, na siku hiyo ndipo atakapokuhitaji. Mwambie pia kwamba saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni, kwa hiyo asisubiri maumivu: ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na uvimbe wa kwapani, vyote vinahitaji kuonwa na daktari.

Akiandikiwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ajue kwamba titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache, jambo ambalo wengine huliona linaumiza kidogo. Ni afadhali kwenda wiki inayofuata hedhi, matiti yakiwa hayana maumivu, na bila poda wala marashi ya kwapani, ambayo huweza kuacha madoa kwenye picha.

Kwa maoni yangu, kipindi kigumu kuliko vyote ni kungoja majibu, na hapo ndipo wasindikizaji wengi hutoweka. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza. Bila mtu wa kumkumbusha, na bila nauli, mwanamke mwenye hofu anaweza kuishia kwenye ekografia asirudi tena. Kama mko pamoja katika likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, zungumzeni mapema juu ya nauli hiyo. Mume naye aitwe, iwapo mwenyewe ameridhia. Siku ya majibu mwombe daktari aseme polepole, nawe uandike jina la ugonjwa, kipimo kinachofuata, mahali kinapofanyika na bei yake, ili mkirudi nyumbani muweze kuyasoma tena pamoja.