Gitaa lisikike kama tarumbeta

Ndugu, umeuliza utaigaje tarumbeta kwa gitaa la umeme kwa kuwa bendi yenu haina wapulizaji. Anza na fazi, yaani pedali inayokwaruza sauti ya gitaa. Maestro Fuzz-Tone, fazi ya mwaka 1962, ilitangazwa kwa kazi hiyohiyo. Tumia pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya shingoni. Baada ya fazi weka filta, yaani kichujio cha sauti kali, inayofunguka kadiri unavyopiga uzi kwa nguvu, maana tarumbeta likipulizwa sana sauti yake huwa kali zaidi.

Kinachokuumbua ni ule mlio wa kudonoa uzi. Ufiche kwa pedali ya volyumu: donoa kwanza, kisha pandisha. Noti kadhaa kwa pamoja kwenye fazi ni makelele matupu, kwa hiyo studio rekodi kila sauti peke yake. Na uvute pumzi! Wapiga gitaa tunapiga mfululizo kama hatuna mapafu.