Nyanya isiguse maharage kabla hayajaiva

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumapili unatupia maharage makavu, vitunguu, nyanya na chumvi kwenye sufuria moja, unafunika, na baada ya saa moja una mboga ya siku tatu. Huna. Utakuwa na kokoto zinazoogelea kwenye supu nyekundu, na mtungi wa gesi mwepesi.

Najua ulikoitoa hiyo mbinu, maana nami nilidanganywa huko huko. Zile video za dakika moja, jamaa anamimina kila kitu, anafunika, anakwambia "sasa nenda zako kaoge". Oga urudi. Nenda msibani urudi. Maharage bado yanagonga meno. Asichokuonyesha ni kwamba yake yalishachemshwa kabla kamera haijawashwa. Pale video inaporuka kutoka mabichi hadi yaliyoiva, ndipo gesi yangu ilipoishia.

Wala usiyalaumu maharage. Kinachoishika punje iwe ngumu ni pektini, kama gundi iliyo kati ya seli zake. Maji ya moto huilegeza polepole, tindikali huikaza, na nyanya ina tindikali ya kutosha. Ndimu, siki na ukwaju ni hivyo hivyo. Nyanya za kopo zilizokatwa vipande ndiyo balaa zaidi: nyingi huongezwa kloridi ya kalsiamu ili vipande visipondeke, na kalsiamu nayo inakaza pektini. Ndiyo maana unachemsha saa tatu, maganda yamechanika, ukitafuna katikati kuna kiini kama chaki.

Sasa fuata hivi. Nusu kilo ya maharage makavu, chagua mawe, loweka saa 8 hadi 12 kwenye lita mbili za maji yenye vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Ndiyo, chumvi. Aliyesema chumvi inafanya maharage yawe magumu alisingizia, mkosaji ni nyanya. Chumvi ya kulowekea inalainisha ganda. Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vitatu. Yachemke kwa nguvu dakika 10 zisizopungua. Hapo sitaki mjadala, hasa kwa yale mekundu: yana sumu ya asili inayokufa kwenye mchemko mkali tu, moto wa kunong'ona hauiwezi. Kisha punguza moto, funika, yaendelee dakika 45 hadi 90 kutegemea yamekaa ghalani muda gani.

Kujua yameiva, chota matano, siyo moja. Moja linadanganya. Bonyeza kila moja kwa ulimi juu ya kaakaa. Yote matano yapondeke bila kutumia meno. Likibaki moja lenye kiini, nyanya ikae mezani.

Yakiiva, sufuria nyingine: vijiko vitatu vya mafuta, vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba na chumvi kidogo, moto wa wastani, dakika 10 hadi 12 mpaka vilegee na kupiga rangi kingoni. Usiharakishe, kwa sababu kitunguu kikikutana na nyanya kikiwa kibichi nacho kinakaza na utakisikia kwenye meno mpaka mwisho. Kitunguu saumu punje nne na bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai viingie mwishoni, sekunde 40 tu, vikiungua mchuzi wote unakuwa mchungu. Hapo sasa, kwa heshima zote, ingiza nyanya nne zilizoiva. Kaanga dakika 8 hadi 10 mpaka ukipitisha mwiko njia inabaki wazi na mafuta yanajitokeza pembeni. Mimina maharage na vikombe viwili vya maji yake yale yale, ponda upawa mmoja wa maharage ili mchuzi ushikane, acha dakika 15.

Kama umeshaharibu na unasoma hii huku sufuria inachemka: chuja, mchuzi weka pembeni, rudisha maharage kwenye maji matupu yenye robo kijiko cha chai cha magadi kwa lita, chemsha mpaka jaribio la matano lipite, ndipo urudishe mchuzi. Magadi yasizidi hapo, utakula maharage yenye ladha ya sabuni. Kuongeza moto hakusaidii chochote, unachoma kitako cha sufuria tu.

Viazi na karoti ni sheria hiyo hiyo: vilainike kwanza, nyanya baadaye.

Uliuliza na kuku, eeh? Mfute maji akauke, mkaange vipande vichache vichache, ukimjaza sufuriani anatoa maji na kuchemka badala ya kupiga rangi. Yeye nyanya haimsumbui. Mboga za majani, dakika tatu nne, bila kufunika. Kulikuwa na swali la wali pia, nadhani. Nimeshachoka, wengine watakujibu.

Na wewe uliyecomenti hapo juu kwamba unaweka vyote pamoja miaka yote na vinaiva: unatumia sufuria ya presha. Humo joto linakaribia nyuzi 120, hata kosa linalainika. Ungesema mapema.