Belo saba, tope, na watu wa baraza

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: mumewe kaachishwa kazi, ada za watoto zinadaiwa, usingizi hauji. "Dada, wewe maji yalikula mtaji wote na bado ukawa unacheka. Ulitumia dawa gani?"

Nani alikuwa anacheka? Asubuhi ile nilipofungua stoo, maji yalinifika magotini. Belo saba za mitumba, mashati gredi ya kwanza, zilikuwa zimekunywa tope usiku kucha. Nikapasua moja, nikachomoa shati jeupe. Limegeuka rangi ya chai ya maziwa, linanuka mtaro. Nikampigia shoga yangu, ambaye harusi yake niliisimamia mwanzo mwisho. Hakupokea. Mpaka leo hajanipigia. Haya, tuendelee.

Aliyeniokoa ni mfanyabiashara mwenzangu, kafa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Zeno wa kisiwa cha Kupro, inasimuliwa, alikuwa na shehena ya rangi ya zambarau, meli ikazama. Akajikuta Athene, akaingia kwa muuza vitabu, akasikia habari za mwanafalsafa Socrates zikisomwa, akauliza watu wa namna hii wanapatikana wapi. Baadaye akawa anafundisha kwenye baraza yenye michoro. Kwa Kigiriki baraza hiyo ni stoa, ndiyo maana wafuasi wake wakaitwa Wastoiko, wale wale waliobishana na Paulo kwenye Matendo 17. Falsafa ya barazani, sasa sisi tuiogope ya nini?

Epictetus, Mstoiko wa baadaye aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kwamba kuna yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwemo. Nikachukua daftari la madeni, nikapiga mstari katikati. Mvua: si yangu. Mtaro ulioziba: si wangu. Tarehe ya kodi: si yangu. Kumfuata mwenye nyumba kabla hajanifuata: yangu. Halafu nikafika kwenye mbao. Fundi alishaniambia niziinue belo, nikaona elfu sitini nyingi. Hiyo ni yangu kabisa. Iliuma kuliko mafuriko, lakini usiku ule nililala.

Nawe dada, acha kusoma magrupu ya WhatsApp saa nane usiku. Piga mstari. Kesho piga tena. Msingoje mambo yatulie ndipo mtulie! Mimi nilifua mashati mia mbili kwa mikono hii, nikayauza buku buku, wakati wengine wanatafuta wa kumlaumu.

Jina la shoga nililiandika pia. Limekaa juu ya mstari wenyewe, miezi minane sasa.