Maswali ya wasomaji: atomu za jikoni, shambani na kwenye tanuri

Barua za safari hii zimetoka nyanda za juu kusini, na zote nne zinajibika kwa kuhesabu atomu. Andika pembeni uzito wa atomu hizi, moja ukilinganisha na nyingine: hidrojeni 1, kaboni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16, fosforasi 31, kalsiamu 40. Vitu vikiungua, vikioza au vikichanganywa, atomu hazipotei. Zinabadilishana wenza tu. Barua ya Makete tumeitanguliza kwa kuwa ni ya uhai.

Huku baridi ya Juni na Julai haina mchezo, jioni tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Tunasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu kabisa. Hapo hatari inatoka wapi tena? (Mama wa watoto watatu, Makete)

Mama, tafadhali, kuanzia leo jiko lisilale ndani. Gesi inayoua haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa vilevile. Mkaa ni kaboni. Penye hewa ya kutosha, atomu 1 ya kaboni hushika atomu 2 za oksijeni, ikawa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hukutana na kaboni nyingine isiyopata oksijeni, wakagawana: zinatoka molekuli 2 za kaboni monoksaidi, kila moja ikiwa na oksijeni 1 tu. Vile vimiali vya bluu vinavyocheza juu ya makaa ni gesi hiyo inaungua. Isiyoungua inabaki chumbani mnakolala.

Ikiingia mapafuni, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anakosa oksijeni huku anapumua. Uzito wake ni 12 na 16, yaani 28, na hewa ya kawaida ni kama 29. Kwa hiyo haizami sakafuni wala haikimbilii darini, inachanganyika chumba kizima. Kulala kitanda cha juu hakusaidii. Beseni la maji pembeni ya jiko nalo halisaidii, maana gesi hii huyeyuka kidogo mno kwenye maji. Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikianza, tokeni nje wote, hata kama ni usiku wa manane. Aliyezimia mtoeni kwenye hewa safi na mkimbizeni hospitali. Msimnyweshe maziwa: hayaitoi gesi kwenye damu, na mtu aliyezimia atapaliwa. Kwa ajili ya joto, chemsha maji jiko likiwa nje, jaza chupa inayohimili maji ya moto, kaza kizibo, izungushie kitambaa, iweke chini ya blanketi.

Mfuko wa urea umeandikwa 46, naambiwa ni asilimia ya naitrojeni. Kwenye kilo 50, hizo kilo 27 nyingine ni mchanga? Na mbolea ya DAP nayo ina 46, je, ni ileile? (Mkulima wa mahindi, Vwawa)

Si mchanga, mzee wetu. Naitrojeni peke yake ni gesi, huwezi kuitia kwenye mfuko; lazima ifungwe na atomu nyingine. Molekuli ya urea ina kaboni 1 (12), oksijeni 1 (16), naitrojeni 2 (28) na hidrojeni 4 (4). Jumla 60. Gawa 28 kwa 60, unapata karibu asilimia 47. Unyevu na uchafu kidogo wa kiwandani unaishusha hadi 46. Kilo 27 hizo ni wabebaji, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutengeneza urea ya 60.

Kwa hiyo mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mbolea ya CAN ya asilimia 26 ina kilo 13, na mbolea ya SA ya asilimia 21 ina kilo 10 na nusu. Ukiwa dukani, gawa bei ya urea kwa 23, ya CAN kwa 13 na ya SA kwa 10.5, ndipo ujue kilo moja ya naitrojeni inauzwaje. Mfuko wa bei ndogo mara nyingi unageuka kuwa ndio ghali. Bei si yote, lakini: SA inaongeza tindikali kwenye udongo, na udongo wa sehemu nyingi za nyanda hizi tayari una tindikali.

Urea ina tabia ya kukimbia. Ikilowa, vimeng'enya vya udongoni huivunja ikawa amonia na hewa ukaa. Ukiimwaga juu ya ardhi halafu jua likawaka, amonia inapaa, na ile harufu inayochoma pua ni fedha yako. Ifukie kina cha sentimita 5 hivi, udongo ukiwa na unyevu, mbali kidogo na shina. Usiichanganye na majivu wala chokaa. Hivyo viwili vinaifukuza amonia haraka zaidi.

Ile 46 ya DAP ni kitu kingine kabisa. Kwa desturi ya zamani, fosforasi huandikwa kana kwamba imeungana na oksijeni: fosforasi 2 (62) na oksijeni 5 (80), jumla 142. Fosforasi yenyewe ni asilimia 44 ya hapo. Katika mfuko wa kilo 50, ile 46 inakupa kilo 23 za muungano huo, ambamo fosforasi halisi ni kilo 10 tu. Naitrojeni ya DAP ni ile 18 inayoandikwa kabla ya 46 kwenye mfuko.

Nimechoma tani moja ya mawe ya chokaa, nimetoa kilo 610. Wenzangu wanasema vijana wameniibia. Je, ni kweli? (Mchoma chokaa, Songwe)

Usimshike mtu, ndugu. Jiwe la chokaa ni kalsiamu 1, kaboni 1 na oksijeni 3: 40, 12 na 48, jumla 100. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi, 44 inaondoka kama hewa ukaa na 56 inabaki kama chokaa hai. Tani ya mawe safi na makavu, ikiiva yote, inatoa kilo 560. Wewe una zaidi ya hapo! Ikiwa mawe yalikuwa safi, kilo kama 114 ndani ya hizo 610 bado ni jiwe bichi.

Pasua bonge kubwa, saga kiini chake, dondoshea siki. Likitoa mapovu, halikuiva. Kosa huwa ni kuchanganya mawe makubwa na madogo. Yavunje yote yawe saizi ya ngumi, na acha njia za hewa ili hewa ukaa itoke. Usizidishe moto pia: chokaa iliyoungua kupita kiasi hunywa maji polepole, ikaja kufura ndani ya plasta miezi baadaye na kubandua vipande.

Kuizima, yaani kuinywesha maji, kilo 56 zinaungana na kilo 18 za maji. Maji mengi hupaa kwa mvuke, kwa hiyo andaa karibu mara mbili. Tia chokaa kidogokidogo ndani ya maji. Ukimwaga maji juu ya rundo, yanachemka ghafla na kukurukia machoni. Vaa miwani ya kazi. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Ikishapakwa ukutani inavuta hewa ukaa ileile na kuwa jiwe tena.

Shikamooni. Tumefundishwa kwamba atomu hazigeuki, lakini tunasikia heliamu ya Bonde la Rukwa imezaliwa na urani iliyo kwenye miamba. Kipi ni kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Sumbawanga)

Marahaba. Vyote viwili. Moto, maji na tindikali hugusa elektroni za nje tu, kiini hakiguswi. Lakini viini vya urani na thoriamu havijatulia, huvunjika vyenyewe na kurusha kipande chenye protoni 2 na nyutroni 2. Kipande hicho kikipata elektroni 2 ni heliamu. Kwa kuwa elektroni hizo zimejaza nafasi yake yote, haiungani na kitu; hukaa ndani ya mwamba hadi joto liifungue, na katika Bonde la Ufa joto la volkano limefanya kazi hiyo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walieleza hivyo mwaka 2016 ugunduzi ulipotangazwa.

Hakiki mwenyewe. Urani 238 huishia kuwa risasi 206, ile metali; namba hizo ni jumla ya protoni na nyutroni. Tofauti ni 32, na kila heliamu ni 4, basi zimetoka 8. Protoni zilikuwa 92. Toa 16, zibaki 76. Lakini risasi ina 82, kwa hiyo nyutroni 6 njiani ziligeuka protoni, kila moja ikirusha elektroni. Fanya hivyo kwa thoriamu 232 yenye protoni 90, inayoishia risasi 208. Ukipata heliamu 6 na nyutroni 4 zilizogeuka, umepata.