Barakoa inavuja nikilala chali

SWALI: Dokta, natumia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili pumzi isikatike usingizini. Nikilala chali barakoa inanipulizia hewa machoni, na mke wangu anasema bado nakoroma. Nimekaza mikanda hadi mashavu yana alama.

JIBU: Ilegeze, ndugu yangu! Ukikaza mno, mto wa silikoni wa barakoa hujikunja na hewa hupata upenyo kando ya pua. Nawa uso, mafuta huitelezesha barakoa. Kisha lala, washa mashine, ivute barakoa mbele kidogo mto ujae hewa, uiachie ikae yenyewe. Kukoroma ni kesi nyingine: ukilala chali ulimi huangukia nyuma, koo likabana. Lalia ubavu, weka mto wa kulalia mgongoni. Mashine ikizidi kuonyesha pumzi kukatika zaidi ya mara 5 kwa saa, mwone daktari wako apange upya presha ya hewa ya mashine.