Jibu: Skuli ianzie wapi kusaidia familia?

Maalim, umeuliza skuli yenu ya Micheweni itasaidiaje familia bila ya mfadhili. Kwa niliyoyaona hapa Wete, huku huku Pemba, msianze na jengo, anzeni na daftari la mahudhurio.

Kwetu msimu wa karafuu madawati hubaki matupu, na sisi tulikuwa tukigomba tu. Mwalimu mmoja akaenda jioni nyumba kwa nyumba. Akamkuta mtoto wa darasa la 5 barazani anachambua karafuu, mdogo wake kampakata, mama yuko shamba. Ndipo tukajua kuwa si uvivu. Tukamwita sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), kamati ya skuli na mwalimu wa chuoni, yaani wa Kurani. Huyo wa chuoni (samahani kwa walimu wenzangu) anawajua wazazi kuliko sisi.

Tazameni pia vituo vya Tucheze Tujifunze: redio, kivuli na mlezi wa hapo hapo kijijini, watoto wadogo wakasoma.

Na mikutano siku za bamvu, maji yanapokupwa sana, msiite kabisa. Kina mama wako pwani kwenye mwani, mtazungumza na viti. Sisi tulizungumza navyo mara mbili.